Shimo la Uani kwa Bibi

Kariakoo wakichimba msingi hutoka harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Siyo harufu ya taka wala ya mfereji, hizo zipo kila siku na mtu huzizoea. Ni harufu ya mchanga wa chini, mchanga mbichi uliolowa maji ya chumvichumvi, una kutu kidogo na uvundo kidogo wa nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Niliinusa juzi nilipokwenda kununua mapazia. Ubavuni mwa duka walikuwa wanachimba ghorofa jingine, utadhani yaliyopo hayatoshi, na mimi nikaganda na kitambaa mkononi. Muuzaji alidhani bei imenishtua, akaanza kuipunguza mwenyewe bila kuombwa. Nililipa nikatoka, na mpaka nafika nyumbani harufu ile ilikuwa bado puani.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka Kariakoo ya nyumba za chini, ile iliyokuwa inakwisha wakati sisi tunajifunza kusoma. Ya kwetu ilikuwa na vyumba sita, vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, na ukumbi mrefu katikati unaokutoa barazani mpaka uani. Ilikuwa nyumba ya Babu, baba yake mama. Chumba cha mbele alikaa Bibi, vya katikati wapangaji, na cha mwisho mama na mimi. Mama alikuwa anauza mitumba Mchikichini, anatoka alfajiri na kurudi jua likizama, kwa hiyo mimi nililelewa na Bibi. Baba yangu alikuwa na mambo yake mahali pengine, na humu hahusiki.

Bibi aliniita mke mwenzake. Alikuwa mfupi, mweusi tii, mwenye ulimi mkali na magoti mabovu. Alipenda kukaa uani kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, akichambua mchele huku akinisuta kwamba nimemnyang'anya mume halafu nikamuua. "Umekuja na kisirani chako," ananiambia, "umeingia tu humu ndani mwanamume wa watu kaenda." Nami namjibu kwamba mume mwenyewe alikuwa mzee na meno hana. Tunacheka mpaka mchele unamwagika.

Kweli Babu alifariki nikiwa sijaanza shule, na msiba wake naukumbuka kwa shimo. Wanaume waliingia uani na majembe wakachimba pembeni mwa jiko, karibu na pipa la maji, sehemu pekee iliyokuwa haina sakafu. Niliuliza wanachimba nini, nikaambiwa ni ufuo. Kwetu maiti hakupelekwa kuoshwa kwingine. Alioshwa nyumbani kwake juu ya kitanda cha kamba, na chini ya kitanda huchimbwa shimo lipokee maji yake, yasije yakatiririka ovyo watu wakayakanyaga. Baada ya maziko shimo lilifukiwa, na Bibi akaweka taa ya mafuta pale mpaka arubaini ilipopita. Hata baadaye nikirukaruka hapo katika michezo yangu alinikemea nimpishe mume wake. Kwa hiyo kichwani mwangu jambo lilikuwa wazi kabisa: wakichimba uani, kuna mtu amekufa.

Mwosha maiti wa kike katika mtaa wetu alikuwa Bi Tatu, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Ni Bi Tatu huyohuyo aliyekuwa anatupikia vitumbua asubuhi, na sisi watoto tulibishana sana kama anatumia mikono ileile au ana mingine. Njaa ndiyo iliyokuwa inamaliza ubishi. Jioni alikuja kukaa na Bibi uani, na mazungumzo yao yalizunguka weee yakarudi palepale.

"Mimi, Tatu, nitatokea mlango huohuo aliotokea mama mkwe wangu, niliyemwosha kwa mikono yangu," Bibi anasema. "Na mume wangu katokea huohuo. Na mimi utaniosha palepale."

"Labda nikutangulie."

"Ukinitangulia utakuwa umenitupa. Ngoja mwanamke, usinipite foleni."

Sijapata kuona tena watu wakizungumzia kufa kwa raha namna ile, kama watu wanaopanga safari ya kwenda harusini. Hicho tu ndicho Bibi alichokuwa amebakiza kukitaka duniani: afie nyumbani kwake, aoshwe uani kwake, na mtaa wake umtoe.

Lakini mtaa wenyewe ulikuwa unaondoka. Leo wanakuja watu na nyundo, wanabandua mabati, wanatoa milango na madirisha na kuyapakia kwenye mkokoteni, keshokutwa unaona anga mahali palipokuwa na nyumba ya watu. Halafu panazungushiwa mabati ya buluu na ghorofa linaanza kupanda. Wenye nyumba wanahamia Mbagala, Chanika, Kitunda, huko ambako majina yake tuliyasikia kwenye vituo vya mabasi tu. Mimi nilidhani wamekwenda kusubiri. Niliamini ghorofa likiisha kila mtu atarudi, wa chumba cha mbele atakaa chini na wa uani atakaa juu, na tutaitana madirishani. Ghorofa la kwanza lilipokwisha nilisimama nje kuangalia wakirudi. Yaliingia mabegi, mabegi ya safari, maelfu, yakapangwa mpaka barazani.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya katikati ya juma. Nilikuwa nasoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nyumbani. Mama hakwenda Mchikichini. Alimvalisha Bibi baibui, akasema wanakwenda hospitali kubwa kule Upanga, kliniki ya presha. Bibi alilalamika kwamba hajisikii vibaya, mama akamwambia presha haina dalili, wakapanda bajaji wakaondoka. Hata vumbi halijatua vizuri, akaingia Mjomba Shabani.

Mjomba Shabani ni kaka yake mama, mtoto wa kwanza wa Bibi. Alikuwa anaishi Temeke na familia yake na alikuwa na duka la vipuri upande wa Gerezani. Siku hiyo alikuja na vijana wawili wenye majembe na sepeto, na mwanamume mmoja mwenye kofia ngumu kichwani na futi ya kamba mkononi. Walipita ukumbini moja kwa moja mpaka uani. Mwenye kofia akaangaza huku na huku, akagongagonga sakafu kwa kisigino, mwisho akaonyesha pale pembeni mwa jiko. Vijana wakaanza kuchimba.

Nilisimama mlangoni mwa uani na ile harufu ikanijia. Mchanga wa juu ulikuwa mweupe, halafu ukaja wa kijivu, halafu ukaja ule unaotoa maji.

"Shikamoo Mjomba. Wanachimba nini?"

"Marahaba. Nenda kacheze nje."

"Bibi yuko wapi?"

"Si kaenda hospitali na mama yako?" Hakuwa ananitazama. "Sikiliza. Usimwambie mtu yeyote kitu mpaka mama yako arudi. Umenisikia?"

Nilimsikia vizuri mno. Mtoto wa Kiswahili anaijua lugha hiyo. Kifo hakitangazwi kwa mtoto, mtoto huambiwa anyamaze, akacheze, asubiri mama arudi. Ndivyo nilivyoambiwa siku ya Babu, neno kwa neno. Nilijumlisha mwenyewe: Bibi kapelekwa hospitali, Mjomba kaja na uso umemshuka, ufuo unachimbwa palepale Bibi alipokuwa anapataka. Nilitoka barazani, nikakaa, nikashindwa kulia kwa sababu nilikatazwa kusema na kwa akili yangu kulia kulikuwa ni kusema. Halafu nikakumbuka kwamba Bibi alitaka aoshwe na Bi Tatu, na kwamba nisipomwambia, watu hawa wanaweza kuleta mwosha mwingine.

Bi Tatu alikuwa anasugua kikaango chake cha vitumbua mbele ya mlango.

"Shikamoo Bi Tatu. Mjomba Shabani anachimba ufuo uani kwetu."

Alisimamisha mkono. "Ufuo wa nani?"

"Wa Bibi. Alikwenda hospitali na mama. Mjomba kasema nisimwambie mtu."

"Umeuona wewe kwa macho yako?"

"Nimeuona. Pale alipooshwa Babu."

Kikaango kilianguka. Bi Tatu aliweka mikono yote miwili kichwani, akasema Inna lillahi, hakuimaliza, akapiga yowe. Yowe la mwanamke wakati ule mtaani kwetu lilikuwa na maana moja. Milango ilifunguka. Wanawake walitoka wakijifunga kanga kiunoni na kujitanda nyingine, mmoja na unga bado mikononi, mwingine kambeba mtoto nusu uchi. Mtaa ulikuwa umeshapungua, nusu ya nyumba zilikuwa ni mabati ya buluu, lakini waliobaki walitoka wote, na habari ikawafikia hata wa mtaa wa pili na wa tatu. Fundi cherehani alizima mashine. Wanaume wakaanza kuleta mabenchi. Mtu akaja na sufuria kubwa ya msiba, ile inayoazimwa. Bi Tatu aliingia ndani kwake akatoka na beseni, sabuni na kaniki yake ya kazi, machozi yanamtoka, akavuka barabara bila kutazama pikipiki.

Mjomba Shabani alikutana nao ukumbini. Wanawake walishaanza kulia, wamejaa kuanzia barazani mpaka mlango wa uani.

"Jamani, hamna msiba hapa!" alisema. "Hamna aliyekufa!"

"Shabani," Bi Tatu akamwambia, "mama yako yuko wapi?"

"Yuko hospitali, mzima."

"Sasa unachimba nini?"

Mjomba aligeuka akatazama uani. Nilikuwa nimeshika kanga ya Bi Tatu. Akiwaambia anachimba nini, amesema alichokuja kukifanya kwa kificho. Asipowaambia, kuna maiti. Nyuma yake uani vijana wenye sepeto walikuwa wamesimama ndani ya shimo mpaka kifuani, wanashangaa kuliliwa.

Hapo ndipo bajaji iliporudi.

Bibi alishuka akisaidiwa na mama. Waliokuwa barazani walimwona, wengine wakakimbia kweli, mama mmoja akaanguka kwenye mabenchi. Mimi nilimkimbilia nikamkumbatia miguu na ndipo nikalia kwa sauti. Bi Tatu alitoka taratibu, akamshika mkono, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko kama anayepima kama ni nyama.

"Kumbe uko hai," alisema.

"Nani kafa?" Bibi akauliza.

Alichukua mkongojo wake akapita ukumbini, wanawake wakimpisha huku na huku, mpaka uani. Akalitazama shimo. Mwenye kofia ngumu, ambaye nafikiri hakuwa mtu mbaya, alivua kofia akamwamkia, akaeleza kama mtu anayedhani mwenyeji anajua: "Tunapima udongo, mama, kwa ajili ya ghorofa. Tunaangalia maji yako umbali gani."

Bibi alikaa kwenye kigoda chake.

"Mama, nilitaka kukwambia," Mjomba alianza. "Nyumba imechoka. Ni ya urithi, siyo ya mtu mmoja, na sote tumekubaliana. Tajiri atajenga kwa fedha zake, na sisi atatupa ghorofa zima la juu. Utakuwa na chumba chako, choo humohumo ndani..."

"Sote ni nani?"

Bibi akageuka kumtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mfuko wa dawa. "Nesi kaniambia siku yangu ya kliniki ni wiki ijayo. Nikamwambia mwanangu kasahau. Kumbe mwanangu hakusahau?"

Mama alitazama mfuko wa dawa. Mimi wakati ule sikuelewa swali wala kimya. Nilidhani Bibi anamgombeza mama kwa kukosea tarehe, na nikamwonea mama huruma kwa kugombezwa mbele ya watu kwa jambo dogo namna ile.

"Haya," Bibi akasema. "Nyumba ya urithi. Mimi mjane, fungu langu ni thumni, moja katika nane, hilo si la Shabani, kaligawa Mungu. Nikatieni hapa." Alinyoosha mkongojo. "Kutoka jikoni mpaka kwenye pipa. Ghorofa lenu lijengeni huko kwingine kote."

Mwenye kofia alicheka kidogo, akidhani ni utani wa kizee. Alipoona hakuna anayecheka akasema kwa upole, "Hapo hapawezekani, mama. Hapo ndipo nguzo inaposimama."

Bibi akawageukia wale wanawake waliokuwa wanajiondoa mmojammoja kwa haya, wanakunja mikeka. "Mnakwenda wapi? Mmekuja kunilia, nilieni basi nikiwa nasikia. Kaeni."

"Usijitabirie, wewe," Bi Tatu akamkemea.

"Kaeni, nimesema. Kahawa ipo."

Wakakaa. Sijui kama mmewahi kuona matanga ya mtu aliyepo. Wengine walikuwa wanacheka kwa aibu, wengine machozi yaliyokwishaanza yaligoma kurudi. Nje wanaume walikaa kwenye mabenchi, na Mjomba Shabani akabaki amesimama katikati yao kama mfiwa, mtu akipita anampa mkono kwa mazoea. Alasiri ilipokaribia Bibi alimwita uani, mbele ya wote.

"Sitaki kukuzuia mali yako," alimwambia. "Ninachokuomba ni kimoja. Ningojeni. Nikifa, Tatu akaniosha hapo, mkanitoa mlango ule, kesho yake vunjeni. Sitachelewa."

Mjomba alilia. Nasema kweli, alilia kwa sauti mtu mzima yule, akaapa mbele ya mtaa mzima kwamba nyumba haiguswi mama yake akiwa hai. Nilifurahi sana siku hiyo. Bibi alikuwa mzima, nyumba ilikuwa yetu, na shule sikwenda.

Basi watu wakaanza kumngoja Bibi afe. Mimi sikujua kwamba ndicho kilichokuwa kinafanyika. Nilichokiona ni kwamba Mjomba Shabani, ambaye zamani tulimwona Idi kwa Idi, sasa alikuwa anapita kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Anasimama mlangoni mwa chumba cha Bibi. "Mama, umeamkaje?" Na Bibi anamjibu neno moja: "Bado." Mimi nikidhani anasema bado hajanywa chai, nilikuwa nakimbia jikoni kumwekea maji. Nilimpenda sana Mjomba miezi ile. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba nina mjomba anayempenda mama yake kuliko wajomba wao wote.

Na Bibi hakufa. Ndiyo kwanza alinawiri. Presha ilishuka, alikula, alinenepa mashavu, akawa anatembea mpaka sokoni na mkongojo wake. Nadhani hasira ilikuwa inamlisha. Yeye na mama hawakuwa wanazungumza, wanapishana ukumbini kama wapangaji. Mama usiku alininong'oneza kwamba yeye anataka choo cha ndani tu, na paa lisilovuja, na mlango wa kwake afunge, je hiyo nayo ni dhambi? Mama yangu simlaumu kama ninavyotaka kumlaumu, lakini ile bajaji ya asubuhi, kumfunga mwenzio vifungo vya baibui huku unajua, hiyo bado inaniuma.

Shimo liliachwa wazi. Tajiri alisema wasilifukie, atawarudisha watu wake. Masika yalipoingia likajaa maji, mbu wakazaliana, Bibi akalifunika kwa bati na kuweka mawe juu. Wapangaji walihama mmoja baada ya mwingine, kwa sababu walishaambiwa pembeni kwamba wasilipe kodi ya mbele. Nyumba ya kushoto kwetu ilivunjwa na kuchimbwa kwenda chini, chini sana, na ukuta wa chumba cha Bibi ukapasuka kuanzia darini mpaka kitandani. Nyumba ya kina Bi Tatu nayo ndugu zake waliiuza. Alikuja kuaga na kifurushi cha vitumbua, anahamia Chanika kwa binti yake. Wazee wawili wale walikaa uani mpaka jua likazama. Mwishowe Bi Tatu akasema, "Nitakuja. Waniite tu, nitakuja usiku au mchana." Simu hakuwa nayo. Alitaja namba ya binti yake, mama akaiandika kwenye simu yake mwenyewe, ambayo baadaye ilikwapuliwa Mchikichini.

Ukuta ulipozidi kufunguka, Mjomba alikuja na gari. Alisema ni mpaka mvua ipite tu. Tajiri alikuwa na nafasi ghorofani kule Upanga, jengo zuri, atakaa huko salama na ukuta utatazamwa. Bibi alikataa siku mbili. Siku ya tatu kipande cha dari kiliangukia mto wake, akakubali. Alifunga mlango wa mbele kwa ufunguo, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Wiki hiyohiyo wakabomoa. Mjomba alisema ukuta ulianguka wenyewe na nyingine zikafuata, na hakula yamini tena.

Ghorofa lile la Upanga lilikuwa na lifti iliyofanya kazi ilipotaka. Magoti ya Bibi hayakuweza ngazi, kwa hiyo tangu alipopanda hakushuka. Alikaa dirishani. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeupe vinavyoteleza, na hakupenda kuvikanyaga. Majirani walikuwa watu wema, mama mmoja wa Kihindi mlango wa pili alimletea dengu na kumwita "Bibi" kama sisi, lakini milango ilikuwa inafungwa. Mimi aliacha kuniita mke mwenzake. Aliniita kwa jina langu, na nilichukia.

Mjomba aliendelea kupita asubuhi. Asubuhi moja aliuliza umeamkaje, na Bibi hakujibu.

Mlinzi wa chini alisema turubai la msiba haliruhusiwi pale wanapoegesha magari. Jirani wa Kihindi alikuja na chupa ya chai, akasimama mlangoni akilia, hajui aingie au abaki nje. Sebuleni walikuwepo mama, mke wa Mjomba na ndugu wawili wa Temeke. Mjomba alisimama katikati ya chumba akaitazama ile sakafu ya vigae, muda mrefu sana, mpaka shemeji yake, mmoja wa wale ndugu wa Temeke, akamwambia wampeleke msikitini, kuna mahali pa kuoshea na kuna akina mama wanaofanya kazi hiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewafahamu akina mama hao.

"Lazima watu waambiwe," mama alisema. Alinishika mkono, tukashuka ngazi, tukaenda Kariakoo kwa miguu. Alikuwa anakwenda mbio na kanga inamvuka kichwani. Nilidhani anajua tunapokwenda.

Tulifika mtaani kwetu. Kwetu palikuwa na mabati ya buluu na shimo kubwa lenye pampu inayovuta maji. Kwa Bi Tatu palikuwa na meza za vifuniko vya simu. Kwa fundi cherehani, mabegi. Mama alikwenda mpaka mwisho wa mtaa, akarudi, akaenda mtaa wa pili, akarudi. Alikuwa anatafuta mlango wa kubisha hodi. Kila mlango ulikuwa wazi na una mtu anayesema karibu dada, karibu mteja. Mwisho alisimama mbele ya mabati yetu, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe.

Watu walitoka. Walitoka wengi kuliko siku ile, vijana tupu, wameruka meza, wengine wana vyuma mikononi. "Yuko wapi? Kakimbilia wapi?" Wawili walishatimua mbio kuelekea kona. Mmoja, kijana mwenye fulana ya njano, alimshika mama bega.

"Wamekuibia nini, mama? Simu? Pochi?"

Mama aliendelea kulia. Kijana akaniinamia mimi.

"Mdogo wangu, wamechukua nini?"

"Bibi kafa," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama mama, akanyoosha mgongo. Halafu akawapungia mkono wenzake waliokuwa wanakimbia.

"Oyaa, rudini! Siyo mwizi. Ni msiba tu."

Wakarudi kwenye meza zao.